Ndege ya Mbao na Viti Vyetu Vibovu

Mtu akitaja ndege, wengi wetu twafikiri bati jeupe, injini kubwa na mlio wa kutikisa mapaa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndege za kwanza kuonekana katika anga ya nchi zetu zilikuwa za mbao, gundi na kitambaa, na kwamba waliozijenga walikuwa watu wa randa na patasi. Katika makala hii nataka kueleza habari za ndege mbili za namna hiyo, moja ya Kifaransa na nyingine ya Kiingereza, kisha nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sisi tusomao hapa Nachingwea. Maoni yenyewe, kwa ufupi, ni haya: kitu hukaa kwa yule anayejua kukitengeneza. Asiyejua hubaki na hadithi.

Nianze na ndege ya Kifaransa. Jina lake ni Caudron G.3, nalo latokana na ndugu wawili, Gaston na René Caudron, walioiunda kaskazini mwa Ufaransa karibu na kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Mifupa yake ilikuwa ya mbao, ikakazwa kwa waya na kufunikwa kitambaa. Mahali pa kukaa rubani palikuwa kama mtumbwi mfupi, na nyuma ya mtumbwi huo hapakuwa na mwili, bali miti myembamba tu iliyoshika mkia. Rubani akitaka kuilaza upande mmoja alivuta waya, na bawa zima likapindika kidogo, kama vile ndege wa porini apindavyo bawa lake. Ndege za aina hii zilitengenezwa zaidi ya 2,000. Mwaka 1921 mwanamke wa Kifaransa, Adrienne Bolland, aliirusha mojawapo kupita juu ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Leo zilizobaki ni za kuhesabu kwa vidole, nazo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, kama lile la Le Bourget karibu na Paris.

Msomaji ataniuliza: ndege hiyo yatuhusu nini sisi watu wa kusini? Yatuhusu, kwa sababu ilifika kwetu.

Mwezi wa Septemba mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, mbele ya mji wa Unguja. Kisha ikakimbilia katika delta ya Rufiji, ikajificha nyuma ya mikoko. Waingereza wakakaa nje baharini kwa miezi mingi, lakini kutoka huko hawakuweza kuiona. Ikawabidi watafute macho ya juu, yaani ndege. Baadhi ya ndege walizozileta mwanzoni mwa mwaka 1915 zilishindwa kabla hazijafanya kazi ya maana. Hazikushindwa kwa risasi. Joto na unyevu wa pwani yetu viliilegeza gundi, na mbao zikaanza kuachana. Ndipo mwezi wa Juni zikaletwa ndege nyingine nne: Caudron mbili na Farman mbili, zote za asili ya Ufaransa. Uwanja wake ulifyekwa katika kisiwa cha Mafia. Tarehe 6 na tarehe 11 Julai ndege hizo ziliruka juu ya Rufiji, zikawaambia wapiga mizinga kwa simu ya upepo mahali risasi zao zilipoangukia. Farman moja ilipigwa ikaanguka mtoni, lakini watu wake wawili wakaokoka. Siku hiyo hiyo ya tarehe 11 ikawa mwisho wa Königsberg.

Hapa nataka tuone mambo mawili. La kwanza ni hilo la gundi. Nchi kubwa yenye manowari na fedha ilikwamishwa na gundi isiyoweza joto letu. Seremala yeyote wa Lindi au Kilwa angeweza kuwaambia kwamba pwani hii haina huruma kwa kazi ya mbao iliyoungwa vibaya. La pili ni hili. Katika habari zote nilizosoma juu ya ndege za Mafia nilikuta majina ya marubani, majina ya makapteni na majina ya meli. Jina la Mwafrika sikuliona hata moja. Hata hivyo, lazima walikuwapo watu walioufyeka uwanja ule na kubeba mizigo. Vita vilipohamia kwingine, wenye ndege waliondoka na ndege zao, na ufundi wao wakaondoka nao. Sisi tulibaki na hadithi, tena hadithi yenyewe iliandikwa na wengine.

Sasa nieleze ndege ya pili. Mwaka 1924 kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilitengeneza ndege ndogo ya mbao iliyoitwa DH.51. Ndege hiyo haikupata soko, na zilijengwa tatu tu. Ya tatu ilinunuliwa na mlowezi aliyeitwa John Carberry, ikasafirishwa kwa meli mpaka Mombasa, na mwaka 1926 ikaruka Kenya. Ndiyo ndege ya kwanza kuandikwa katika daftari la ndege za Kenya, na ndiyo maana ikapewa jina la Miss Kenya. Mwili wake ni sanduku la plaiwudi, na mabawa yake ni mbao na kitambaa. Hata yenyewe ina damu ya Kifaransa, maana injini yake ilitokana na injini ya Renault ya silinda nane iliyobaki vitani, ambayo fundi wa Kiingereza, Frank Halford, aliifanyia marekebisho ili ipate nguvu zaidi. Baadaye Halford huyo huyo aliichukua injini ile akaigawa nusu, akapata injini ndogo ya silinda nne, na kwayo ikazaliwa ndege ya Moth iliyoenea duniani kote. Naomba tusipite haraka hapo. Injini moja kuukuu ya vita, mikononi mwa mtu anayejua kufungua na kufunga, ilizaa kizazi kizima cha ndege.

Miss Kenya ilipita katika mikono ya wamiliki kadhaa. Mwaka 1965, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru, ilipakiwa ndani ya ndege kubwa ya jeshi la anga la Uingereza ikarudishwa ilikotoka. Mafundi wa Hawker Siddeley, kampuni iliyorithi kazi za de Havilland, wakaitengeneza upya karibu na mji wa Chester, na mwaka 1973 ikaruka tena. Sasa imetunzwa katika mkusanyo wa Shuttleworth huko Old Warden, Uingereza, nayo ni ya pekee ya aina yake iliyobaki ulimwenguni. Ndege mbili wenzake zilikwisha kupotea zamani.

Wako watakaosema kwamba ndege hiyo ni urithi wa Afrika Mashariki na kwamba yafaa irudishwe. Sina ugomvi nao. Lakini mimi najiuliza swali jingine: ikirudi kesho, nani ataitunza? Ndege ya mbao si sanamu ya shaba. Yataka mtu wa kugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikia kama umeoza ndani. Yataka mtu wa kuvua kitambaa, kubadilisha ubavu uliopasuka, kupaka gundi kwa kipimo, na kuandika kila alichokifanya katika daftari ya ndege, tarehe kwa tarehe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege ikikosa mtu wa namna hiyo kwa mvua chache tu, mchwa watafanya kazi ambayo risasi hazikuifanya.

Tusidhani haya ni ya Mafia na Nairobi tu. Mji wetu wenyewe wa Nachingwea ni mtoto wa jambo la namna hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, ikitaka eka zaidi ya milioni tatu katika Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa Tanganyika mahali palipochaguliwa ni Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Ukajengwa uwanja wa ndege, ikajengwa na reli kutoka pwani. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, mengine yakiwa yametolewa katika maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini matrekta yaliharibika, vipuri havikupatikana, na watu wa kuyatengeneza walikuwa wachache mno kwa kazi iliyokuwapo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Ndege za Dakota za shirika la East African Airways zilikuwa zikitua hapa. Shirika hilo lilianza kazi mwaka 1946 na ndege sita za mbao na kitambaa ziitwazo Dragon Rapide, likafa mwaka 1977.

Najua mpango wa karanga ulikuwa na makosa mengine mengi, ya udongo, ya mvua na ya haraka. Lakini funzo la matrekta halifutiki. Walileta mashine kabla ya kuandaa mafundi. Mashine ikilala siku moja kwa kukosa fundi, kesho yake ni chuma chakavu.

Natoa mfano mmoja zaidi, wa mti wetu wenyewe. Mpingo wa Ruangwa, Nachingwea na Kilwa ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Kwa sababu hiyo hauwezi kujenga ndege, ambayo yataka mbao nyepesi zenye nyuzi zilizonyooka, kama zile za misprusi ya Amerika ya Kaskazini. Lakini mpingo una kazi nyingine ya heshima. Viwanda vya Ulaya, kama kile cha Buffet Crampon cha Ufaransa, huutumia mpingo wa Afrika kutengeneza zumari za klarineti zinazopigwa katika bendi kubwa za dunia. Basi kwetu huondoka gogo, na likirudi huwa zumari ambayo bei yake hatuiwezi. Wafaransa hawakuuotesha mpingo. Walijifunza kuutoboa.

Sasa nifike nyumbani, yaani hapa shuleni.

Nyuma ya bwalo letu kuna rundo la viti na meza. Kila mwaka rundo laongezeka, na kila mwaka darasani twabanana. Wengine hukalia ubao mmoja watu wawili, na wengine huandika wakiwa wameweka daftari magotini. Mimi na wenzangu wawili tulilikagua rundo hilo Jumamosi moja. Twaweza kusema kwa hakika kwamba vitu vingi mle havijafa. Kiti hiki kimeng'oka mguu, kile kimekosa ubao wa kukalia, meza ile yataka misumari minne na gundi kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twajenga ukuta kila mwaka kwa kuwaomba wazazi na wafadhili viti vipya. Viti vipya vitakuja, navyo vitakwenda nyuma ya bwalo.

Kwa nini hatuvitengenezi? Wengine husema hakuna vifaa. Vifaa vya kazi hiyo ni msumeno, nyundo, randa, patasi na kipimo, wala havizidi bei ya jezi za timu. Sababu ya kweli ni fikra zetu. Tumekubali kwamba kazi ya mikono ni ya waliofeli. Mwanafunzi akikosea hesabu mara mbili, wenzake humwambia, "Wewe utakwenda kuchonga vitanda." Wamlaani kwa kazi ambayo bila hiyo wangelala chini.

Nasema haya nikiwa na sababu yangu. Mjomba wangu ni seremala mjini Ruangwa, na wakati wa likizo huwa namsaidia. Kwake nimejifunza kwamba useremala ni hesabu na fizikia zilizoshika nyundo. Pembe ya digrii 90 ikikosewa kidogo, mlango haufungiki, na mteja hasikilizi maelezo. Mjomba hupenda kusema, "Ubao haukudanganyi, wewe ndiye unayeuharakisha." Mwaka huu sisi wa kidato cha nne tunajaza fomu za kuchagua masomo ya mbele. Nilipowaambia nyumbani kwamba nafikiri kuweka chuo cha ufundi katika chaguo langu la kwanza, palikuwa na kimya kizito. Mama aliuliza kama kuna mwalimu aliyenikatisha tamaa. Mjomba mwenyewe, seremala, aliniambia nisome nisije nikawa kama yeye. Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko cha wenzangu, maana yeye ndiye aliyenisomeshea ada za shule ya msingi kwa randa ile ile anayoionea haya.

Jibu langu kwake na kwenu ni historia niliyoieleza. Waliotengeneza Caudron walikuwa mafundi wa mbao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Mfaransa Édouard Joly na mkwewe Jean Délémontez walifungua karakana ndogo katika mji wa Beaune. Mwaka 1948 wakarusha kindege cha mbao cha mtu mmoja, na jina lake, Jodel, likatokana na majina yao wawili. Serikali ya Ufaransa haikuwacheka. Ilitaka ndege kama hiyo ya watu wawili kwa ajili ya klabu za vijana na raia waliotaka kujifunza urubani. Michoro yake iliuzwa, na watu wa kawaida wakajijengea ndege katika mabanda yao. Hata leo mamia ya ndege za Robin, zinazotokana na michoro ya Délémontez, huruka Ufaransa zikiwa na mabawa ya mbao. Basi asiniambie mtu kwamba mbao ni mambo ya kale.

Wala sisemi wote tuwe maseremala. Anayetaka udaktari na asome udaktari. Ninachosema ni kwamba daktari, mwalimu na mkuu wa wilaya nao wajue kutofautisha kilichovunjika na kilichokufa. Nchi yetu yenyewe imeanza kuliona hilo. Mitaala mipya iliyoanza mwaka 2024 ina mkondo wa elimu ya amali, na huko Dar es Salaam Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha utengenezaji wa ndege. Mlango uko wazi. Sisi wa kidato cha nne hatukuukuta mtaala huo, lakini hakuna sheria iwakatazayo wanafunzi kushika nyundo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, nayaweka mbele ya Mkuu wa Shule, walimu na viranja kwa heshima.

Kwanza, tupewe chumba kimoja kisichotumika, kiwe karakana. Tuanze na wanafunzi kumi wa kidato cha pili na cha tatu, wavulana na wasichana, kila Jumamosi baada ya usafi. Bibi Bolland wa milima ya Andes atosha kumjibu anayesema kwamba kazi hizi si za wasichana.

Pili, aalikwe seremala mmoja wa Nachingwea au Ruangwa, aje mara mbili kwa mwezi atufundishe, naye apewe kiti mbele ya mkutano wa asubuhi kama tunavyowapa wageni wengine. Mtu akiheshimiwa mbele ya watoto, watoto huiheshimu kazi yake.

Tatu, iwepo daftari. Kila kiti kitakachotoka katika rundo kiandikwe namba, tarehe, kilichokuwa kibovu, na jina la aliyekitengeneza. Jina hilo ndilo ninalolitaka zaidi kuliko yote. Mafia watu walifanya kazi na hawakuandikwa. Hapa kwetu kalamu ni yetu.

Mimi nitakuwa nimekwisha kuondoka karakana hiyo itakapokomaa, kwa maana mtihani wetu ni mwezi wa Novemba. Lakini sitaki tuondoke mikono mitupu. Nimekwisha kuzungumza na mjomba, naye amekubali kutuazima randa moja na misumeno miwili mpaka shule ifungwe. Wenye nia na waje Jumamosi hii nyuma ya bwalo. Tutaanza na viti vilivyong'oka mguu mmoja, kwa sababu hivyo ndivyo rahisi, na Jumatatu kuna watu watapata pa kukaa.